Pedi Inavuta Kushoto

Nimeifungua hii pedi ya gemu mara tano tangu Jumatano. Skrubu nne kwa nyuma, moja ndogo imejificha chini ya betri, halafu unapenyeza ukucha pembeni na kifuniko kinaachia. Kuifungua sio kazi, naweza kuifungua nimefumba macho. Kazi ni kwamba nikiifunga ugonjwa uko palepale. Unaachia stiki, hugusi kitu, mikono iko hewani kabisa, na mchezaji kwenye televisheni anaanza kutembea kushoto mwenyewe, taratibu, kama mtu aliyeitwa na shangazi yake.

Sisi tunasema pedi inavuta. Ukiwa na pedi inayovuta, mpira huchezi. Mshambuliaji wako anatoka nje ya uwanja na mpira mguuni, beki anakwenda kusalimia watazamaji, na wewe umebaki unapigana na kidole chako mwenyewe huku mwenzako anafunga.

Pedi sio yangu. Ni ya Kipenga, mwenye ukumbi wa gemu mtaa wa pili, nyuma ya duka la mabomba. Alikuwa mwamuzi wa mpira zamani, na filimbi hajaivua shingoni mpaka leo. Mechi ikiisha anapuliza. Watu wakitukanana anapuliza. Mtu akikaa sana chooni, anapuliza pia. Ukumbi wake una televisheni sita, mabenchi, feni moja inayozunguka inapojisikia, na pale karibu na mlango kuna meza.

Hiyo meza ndiyo iliyoniletea haya yote. Ilikuwa ya fundi simu, akahama, akaiacha na taa yake ya kukunja na soketi mbili za umeme. Kila nikiingia pale naiona iko tupu, watu wanawekea chupa za soda, na roho inaniuma. Mimi nina miaka ishirini na moja. Shule niliiacha kabla haijaniacha. Tangu hapo nimebeba mizigo, nimeosha magari, nimetembeza vikava vya simu mpaka soli ikaisha, na kote huko baada ya mwezi nakuwa nimegombana na mtu. Kitu pekee ninachoweza kukaa nacho saa tatu bila kuangalia mlango ni kitu kidogo kilichokufa, nikifungue nione kimekufaje. Chaja, redio, mashine ya kunyolea. Mtaani wananiita Bisibisi. Wachache kwa heshima.

Jumatano mchana nikamfuata Kipenga, nikamwambia wazi, naitaka ile meza.

"Unajua kutengeneza pedi?" akaniuliza.

"Najua."

"Kila mtu anajua. Na yule wa simu alikuwa anajua." Akasukuma kwa mguu boksi lililokuwa chini ya kaunta. Lilikuwa na pedi tisa, zimelundikana kama viatu vya msibani. "Hizi zote zinavuta kushoto. Leo inavuta, kesho haivuti, keshokutwa inavuta tena. Kuna nyingine nimeitoa kwenye pakiti asubuhi, jioni ikavuta. Yule fundi wa simu alinisafishia zote, na zote zimerudi kwenye boksi."

"Sensa za ndani hizo," nikasema. "Zimeshika uchafu. Hakujua kusafisha."

Hapo sijafungua hata moja. Mdomo wangu huwa unatangulia, mimi nafuata nyuma nikiwa nimebeba lawama.

Kipenga akaokota moja bila kuchagua, akanirushia. "Haya, mjuaji. Jumamosi saa kumi jioni uniletee hii. Tunaiwasha hapahapa mbele ya watu. Ikitulia, meza ni yako na hizi nane utazitengeneza wewe. Ikivuta, usiniletee tena habari za meza."

Sasa hiyo Jumamosi haikuwa Jumamosi tu. Mjomba, kaka yake mama, ana kiwanda cha matofali ya saruji, na tangu mwaka jana anamwambia mama nipelekwe kwake, nitatulia. Mama alikuwa ameshakubali. Makubaliano yao, ambayo mimi niliyasikia nikiwa nyuma ya pazia na sahani mkononi, yalikuwa kwamba kama mpaka Jumamosi sina kazi yangu, Jumatatu naanza kwa mjomba na kulala hukohuko. Matofali sina ugomvi nayo. Ila nilishawahi kufanya kule wiki mbili. Kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama ni koleo, maji, mchanga, na mjomba anakuhesabia pumzi.

Basi Jumatano hiyohiyo nikaifungua mara ya kwanza, kwenye kona ya meza ya cherehani ya mama.

Nikakuta nywele ndani. Sio moja, ni kishungi. Nilijua za nani. Kuna kinyozi mmoja ana duka lake jirani na ukumbi, akisikia watu wanashangilia anamwacha mteja na kichwa nusu, anakuja kucheza mechi moja "ya haraka" na mikono yake ileile ya poda. Kwenye vitufe kulikuwa na soda iliyokauka mpaka ikawa gundi, na ukibonyeza kimoja kinashuka halafu kinafikiria kama kirudi juu. Sijakaa vizuri nikaona chungu mmoja kafia kwenye bodi, miguu juu.

Nikasema, kumbe. Uchafu wote huu, itaachaje kuvuta?

Nikasafisha kama mtu anayeosha maiti ya mzazi wake. Raba za vitufe nikazitoa, nikaziosha kwa maji ya sabuni, nikazianika dirishani juu ya kitambaa. Vitufe vyenyewe mswaki, kimoja kimoja. Bodi nikaipitia na spiriti na pamba za masikioni za dada. Stiki nikaidondoshea spiriti chini kwenye shingo, nikaizungusha mara hamsini, nikaipuliza, nikasubiri ikauke, nikarudia. Nilipomaliza kuifunga, vitufe vilikuwa vinalia ta, ta, ta, kama vya dukani.

Nikawasha. Mchezaji akasimama sekunde moja. Akaanza kwenda kushoto.

Alhamisi nikafungua mara tatu. Spiriti tena. Nikabana springi. Nikakata kikaratasi chembamba nikakikunja chini ya kisahani cha sensa, kuna mtu niliwahi kumwona akifanya hivyo. Ikavuta, na safari hii ilivuta kwa haraka zaidi, kama imeudhika.

Mama alikuwa anashona sare za watu, hanitazami. "Mbona unaisemesha?"

"Siisemeshi."

"Umeiambia mbwa mara mbili."

"Mama, niache."

"Mimi nimekuacha tangu saa nne. Nataka kona yangu ya meza, nikunje hizi suruali."

Ijumaa ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu Ijumaa ilipona. Nilikuwa bafuni, nimejipaka sabuni usoni, nikasikia ile sauti ya gemu inaanza. Nikatoka na taulo, jicho moja limefumbwa. Mama alikuwa anaihamisha pedi apate nafasi, akagusa kile kitufe cha katikati kwa ncha ya kidole akidhani anazima. Ikawaka. Na mchezaji kwenye televisheni kasimama. Kasimama wima kama nguzo ya umeme. Dakika ya kwanza, ya pili, hatikisiki.

"Usiiguse," nikamwambia mama. "Tafadhali. Usisogee hata wewe."

"Nisisogee nyumbani kwangu?"

Nikaichukua taratibu. Nikasukuma stiki mbele, mchezaji akaenda mbele. Nikaachia, akasimama. Kulia, kushoto, sawasawa kabisa. Nikacheka peke yangu na povu masikioni. Nikasema imekauka sasa, spiriti ilikuwa haijakauka. Nikaizima, nikavaa suruali, nikakaa vizuri, nikaiwasha mwenyewe nimfurahishe mama.

Kushoto.

Nikazima, nikawasha. Kushoto. Mara ya tatu, kushoto. Mama akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Kwangu ilisimama," halafu akarudi kwenye suruali zake. Ningeweza kulia, ila nilikuwa sijavaa shati.

Nikajiambia kama inapona na kuugua, basi ni mguso wa ndani umelegea, stiki yenyewe imekufa, lazima ibadilishwe. Na stiki ya kubadilisha iko wapi? Iko kwenye pedi yangu. Mimi nina mashine kuukuu ya gemu na pedi moja ya zamani ya waya, nimeinunua kwa mizigo ya miezi mitatu, haijawahi kuvuta hata siku moja. Ndani stiki ni aina moja, zinaingiliana. Nilikaa naitazama kama mtu anayeombwa figo.

Nikaitoa. Miguu kumi na minne ya solda kwenye kila pedi, unayeyusha mmoja, mwingine unaganda. Nilijichoma kidole cha shahada mpaka ngozi ikawa nyeupe. Jumamosi asubuhi nikamalizia kuiunga kwenye pedi ya Kipenga, nikaangalia kila mguu kwa tochi ya simu. Kazi safi. Mimi mwenyewe sijawahi kufanya kazi safi namna ile.

Nikawasha na kile kidole kinachouma. Mchezaji akageuza kichwa, akaanza safari yake.

Stiki mpya, bodi safi, vitufe vimeng'aa, na anakwenda kushoto. Niliitupa kitandani. Ukutani sikuitupa kwa sababu najua Kipenga angenidai. Nikakaa chini sakafuni, pedi yangu mwenyewe pembeni iko wazi, ina tundu pale stiki ilipokuwa. Saa ilikuwa saba na nusu. Mjomba alishapiga simu mara moja kuuliza kama nina godoro langu au aniandalie.

Dada ndipo akaingia. Yeye yuko kliniki, anapima watoto uzito, na Jumamosi anatoka mchana. Akavua viatu, akanitazama pale chini, akaitazama televisheni.

"Huyo anakwenda wapi?"

"Usianze."

"Nimeuliza tu. Bado haijapona?"

"Nimebadilisha mpaka roho yake. Angalia." Nikaichukua kitandani, nikazima, nikawasha, nikaachia. Mchezaji akaondoka.

Dada akakunja uso. Hakuwa anaangalia televisheni. Alikuwa anaangalia mikono yangu. "Fanya tena."

"Nifanye tena nini, inavuta, umeona."

"Washa tena. Mbona unakuwa mkali, mimi ndiyo nimeitengeneza?"

Nikawasha tena.

"Hilo gumba la kushoto linafanya nini?"

"Gumba gani?"

"Hilo. Umekishikia kile kijiti huku unawasha. Umekisukuma kabisa kulia."

Nikatazama. Kweli, gumba langu lilikuwa juu ya stiki, limeisukuma kulia mpaka mwisho. Sikuwa najua kama linafanya hivyo. Lakini najua linakotoka. Kwa Kipenga kuna utaratibu wetu. Pedi inayowaka kwanza ndiyo namba moja, na namba moja ndiye anachagua timu kwanza. Timu nzuri zote ziko mwisho wa orodha, mkono wa kulia. Kwa hiyo mtu hawashi pedi mikono mitupu. Unabonyeza kuwasha na huku stiki umeshaisukuma kulia, orodha ikifunguka tu inakuta unakimbia. Ukichelewa nusu sekunde, kinyozi kashachukua timu yako na anakuuliza unataka ipi kati ya zile mbovu. Watu wote pale wanafanya hivyo. Kipenga mwenyewe akijaribu pedi anafanya hivyo, mwamuzi mzima.

"Ndivyo inavyowashwa," nikamwambia dada.

"Mizani yangu ukiiwasha huku umeweka mkono, inadhani mkono wako ndiyo sifuri. Ukiutoa, inasoma pungufu. Kuna mama juzi aliegemea wakati nawasha, mtoto wake akatoka na kilo hasi. Nusura azimie."

"Hii sio mizani."

"Sawa. Mimi naenda kuoga."

Hakuondoka lakini. Alisimama mlangoni na taulo begani. Nikaizima pedi. Nikaiweka juu ya godoro. Nikabonyeza kitufe cha katikati kwa kidole kimoja, kile kilichoungua, mkono mwingine nikaukalia.

Mchezaji akasimama.

Nikazima, nikawasha hivyohivyo mara kumi. Mara kumi akasimama. Nikawasha na gumba limesukuma kulia, akaenda kushoto. Limesukuma juu, akashuka chini. Hizi pedi za bei ndogo zikiwaka tu zinaamini popote stiki ilipo ndipo katikati. Ukiwa umeisukuma kulia, kulia kunakuwa katikati, ukiachia inaona umekwenda kushoto. Yangu ya zamani haina mambo hayo, ndiyo maana haijawahi kuvuta.

"Si umeona?" dada akasema.

"Nimeona."

"Basi furahi."

Sikufurahi. Siku nne. Vidole viwili, maana na cha kati nilikichoma. Pedi yangu mwenyewe nimeitoboa jicho. Na hakukuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa namfanyia upasuaji mtu asiyeumwa kwa sababu mimi ndiye niliyemkalia.

Nikaelekea ukumbini saa tisa na nusu, pedi nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Njiani ndipo kichwa kikaanza kufanya kazi nyingine. Hivi nikisema ukweli, itakuwaje? Pedi isiyoumwa haina haja ya fundi. Nikinyamaza, naiwasha mbele ya watu vizuri, imepona. Meza yangu. Pedi nane nazipeleka nyumbani, nakaa nazo wiki, narudisha zimepona. Wanaziwasha kwa magumba yao, zinaugua, wananiletea. Kazi ya maisha, na hakuna mtu wa kujua. Dada haji ukumbini. Na Jumatatu silali kwa mjomba. Nilipita duka la mabomba bado naipima hiyo hesabu, na kila nikiipima inatoka vizuri.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kipenga akanikuta mlangoni, akapuliza filimbi fupi. "Daktari kafika."

"Mgonjwa yuko hai?" mtu mmoja akauliza kutoka benchi la nyuma.

"Yuko hai ila anatembea usingizini," mwingine akajibu. Wakacheka.

Kinyozi alikuwa mbele kabisa, na koti lake jeupe lina nywele mabegani. "Bisibisi, kama inavuta nipe mimi, mimi huwa nacheza upande wa kushoto."

Nikaiweka pedi juu ya ile meza, nikasogeza chupa za watu. Nikawasha kwa kidole kimoja. Kwenye televisheni ya kwanza mchezaji akasimama. Kelele zikapungua. Kipenga akakunja mikono, akahesabu kwa sauti mpaka sitini kama anahesabu dakika za nyongeza. Mchezaji hakuhama. Kipenga akaichukua, akamkimbiza mbele, akamrudisha, akaachia. Akasimama.

"Kumbe huyu kijana anajua," akasema, na hakuwa anatania. Akavuta lile boksi kwa mguu mpaka kwenye meza, miguuni pangu. "Meza hiyo. Ilikuwa sensa, si ndiyo? Uchafu, kama ulivyosema."

Jibu lilikuwa neno moja tu. Ndiyo. Hata kichwa ningetikisa ingetosha.

Lakini nilipofungua mdomo, nilichokiona ni zile siku nne. Spiriti, kikaratasi, miguu kumi na minne ya solda, mimi na povu masikioni namwambia mama asisogee nyumbani kwake. Na huyu mtu ananipongeza kwa kitu ambacho hakikusaidia chochote. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba hata uongo ulikosa pa kupita.

"Haikuwa sensa," nikasema. "Haikuwa uchafu. Pedi ilikuwa nzima tangu siku uliyonipa. Ni magumba yenu."

Kinyozi akasema, "Magumba yetu yamefanyaje, tena?"

Nikawaonyesha. Nikawasha huku nimesukuma kulia kama tunavyofanya, ikavuta. Nikawasha nimeachia, ikatulia. Mtu akasema najua uchawi. Nikachukua ya kwanza kwenye boksi, nikaitia chaji kidogo, nikaiwasha bila kuigusa stiki. Ikatulia. Ya pili ikatulia. Nilipofika ya nane, sita zilikuwa zimetulia na mbili ndizo zilizokuwa wagonjwa kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa, naeleza habari ya mizani na mtoto wa kilo hasi, kijasho kinanitoka, na huku ndani najisikia nikijifukuza kazi pedi moja baada ya nyingine.

Nilipomaliza Kipenga akasogea mezani. Akaiangalia ile safu ya pedi juu ya meza. Nadhani alikuwa anakumbuka zote alizotupa kabla ya hizi.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mimi sihitaji fundi."

"Huhitaji."

"Nahitaji watu watoe magumba."

"Ndiyo."

"Sasa na wewe ungekuwa na akili si ungenyamaza?"

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nilitaka kuwatukana wote kwa mpigo, ila hakuna aliyekosea. Kipenga akapuliza filimbi ndefu, akatangaza kwamba kuanzia leo pedi inawashwa ikiwa juu ya benchi, mikono nyuma, na namba moja anapatikana kwa kurusha shilingi. Watu wakazomea. Kinyozi akasema hiyo sio gemu tena, hiyo ni sala. Lakini wakakaa, wakawasha, mikono nyuma kama watoto wa shule, na mechi zikaanza.

Mimi nikaanza kukunja mfuko wangu wa nailoni. Nilikuwa nafikiria nitamwambiaje mama kwamba nimeshinda na nimeshindwa.

"Nataka stiki yangu," nikamwambia Kipenga. "Ile ya kushoto kwenye hiyo pedi ni ya kwangu. Niliitoa kwenye pedi yangu."

"Ichukue. Anayo kinyozi."

Nikamfuata kinyozi. Alikuwa katikati ya mechi, ulimi nje. "Nikimaliza," akasema.

"Nipe nyingine uchezee."

"Sitaki nyingine." Akabonyeza, ta, ta, ta, akapiga pasi tatu za haraka, akafunga. Mwenzake akabamiza pedi yake gotini, akasema kitufe chake kimenata, alibonyeza mapema kabisa. "Unaona?" kinyozi akaniambia bila kugeuka. "Hii haishiki. Hii unabonyeza inakuja. Nani kaiosha hii?"

"Mimi."

"Basi sikupi."

Yule aliyefungwa akasimama, akaja na pedi yake mpaka kwa Kipenga. "Bosi, na mimi nataka iliyooshwa. Huyu ananifunga kwa usafi." Wa benchi la pili akasema na yake inanata, tena ina harufu. Kipenga akaipokea, akabonyeza vitufe kimoja kimoja, kila kimoja kikashuka kikafikiria. Akaingiza ukucha pembeni ya kimoja, ukatoka na kitu cheusi. Akautazama ule ukucha muda mrefu.

"Uliosha na nini?"

"Spiriti. Sabuni. Mswaki wangu."

"Moja inakuchukua muda gani?"

"Saa moja. Kama nisipobadilisha roho yake."

Akanyoosha kidole kwenye meza. "Kaa."

"Mimi ni fundi," nikamwambia. "Sio dobi."

"Na hizo mbili zinazoumwa kweli utazitengeneza, fundi. Zilizobaki utaosha. Hapa ndani kuna pedi ishirini, na nina watu kama huyu hapa mwenye duka la nywele. Ukimaliza ya ishirini, ya kwanza itakuwa imeshachafuka. Sasa dobi anakaa au hakai?"

Nikavuta kiti, nikakunjua ile taa, nikaiwasha. Ilikuwa na mwanga mzuri, hilo siwezi kukataa. Nikampigia mama.

"Mwambie mjomba Jumatatu asinisubiri."

"Imepona?"

"Haikuwa inaumwa."

"Si nilikuambia kwangu ilisimama. Meza amekupa?"

"Kanipa."

"Unatengeneza?"

Nyuma yangu mtu kafunga goli na benchi zima limeruka. Nikaweka mkono kwenye sikio lingine. "Naosha," nikasema.

Nikasikia cherehani imesimama.

"Basi ukirudi pitia dukani ununue sabuni," akasema. "Na mswaki. Ya hapa umeimaliza yote, na dada yako anauliza pamba zake."

Nikakata simu. Nikachukua ile pedi yenye harufu, nikaipindua, skrubu nne kwa nyuma, moja chini ya betri. Kifuniko kilipoachia, kishungi cha nywele kikadondoka mezani. Nikageuka kumtazama kinyozi. Alikuwa anacheza na stiki yangu, anashinda mbili bila, na mlangoni mteja wake alikuwa amesimama na shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, anamwita.